Mkono Uliobaki Baharini

Ndege ndogo kutoka Entebbe ilitua Rughenda, uwanja wa ndege wa Butembo, asubuhi, ikichomoza ndani ya ukungu kana kwamba ukungu wenyewe umeganda ukawa bati. Emérence alikuwa amesimama kando ya uwanja na blanketi begani. Hakupunga mkono, wala hakulia. Mwanawe wa kwanza, Muyisa, alipotokea mlangoni, alimkagua kwa macho kama anavyomkagua mgonjwa aliyeletwa kwenye machela. Kichwa kipo. Miguu ipo. Mkono wa kushoto upo, umeshika mfuko. Wa kulia uliishia chini ya kiwiko, na mkono wa shati ulikunjwa hapo ukafungwa kwa pini.

Hilo hakulishangaa. Habari ilikuwa imefika kwa phonie, ile redio ya mfanyabiashara wa mjini Butembo ambayo watu waliipangia mstari ili wapige kelele kwa ndugu zao wa mbali, huku kila aliye chumbani akisikia. Sauti kutoka Entebbe ilisema Muyisa amepata ajali kwenye meli, ameumia mkono, anarudishwa nyumbani, terminé, yaani mwisho wa habari. Watu chumbani wakasema pole mama. Emérence akawashukuru, akaenda kutafuta blanketi, maana alijua Butembo asubuhi ni baridi na mtu aliyetoka baharini hatakuwa na koti.

Muyisa alikuwa ameondoka kabla ya vita, kusoma umeme Kinshasa. Vita vilipoikata nchi vipande viwili, huku waasi na askari wa Uganda, kule serikali, njia ya kurudi ikafungwa. Akaendelea mbele kwa kuwa nyuma hapakuwapo, mpaka pale mto unapoishia kwenye bahari kubwa. Huko alichukuliwa na meli inayolaza waya wa simu kwenye sakafu ya bahari, ili watu wa nchi moja wasemezane na wa nyingine. Mama yake alipoambiwa mara ya kwanza alicheka. Beni kwao na Kinshasa hazikuweza kuitana, na mtoto wake alikuwa akiwafungia samaki simu.

Sasa alimzungushia blanketi, akamvuta pembeni, akauliza lile alilokuwa nalo moyoni tangu siku ya phonie.

“Mukono uliuacha wapi?”

“Mu bahari, mama.”

“Najua ni bahari. Nani aliuzika?”

Muyisa alimtazama kama mtu anayeamshwa. Akasema hakuna mtu. Ulishuka na kamba, na hakuna aliyeupandisha.

Emérence akalikaza blanketi begani kwa mwanawe.

Kwa watu wa milima ile hakuna kipande cha mtu kinachotupwa. Kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mgomba wa baba yake. Kidole kilichokatwa na panga hufungwa kwenye jani, kikarudishwa kwenye ardhi ya ukoo. Hata kwenye kituo cha afya cha Beu, pale Beni, ambako Emérence alikuwa muuguzi mkuu, familia ziliomba mguu uliokatwa na yeye aliwapa bila ubishi, umefungwa vizuri. Wazee walisema mtu ambaye sehemu yake imebaki ugenini bila kuzikwa, usingizi humwita aende kuitafuta. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, na siku moja hurudi nusu tu. Emérence alikuwa na diploma, na alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza. Hakuwa mtu wa kusema kwamba anaamini mambo hayo. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa hilo.

Walipanda lori la mbao kwenda Beni. Pale Kabasha, barabara inapoteremka kwa mizunguko kutoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, Muyisa alikuwa amelala begani kwa mama yake. Mawingu yalikuwa chini yao, meupe, yametulia bondeni, na vilele vya mikaratusi vilitokeza juu yake kama watu wanaooga. Lori likashuka likaingia humo. Emérence alimsikia mwanawe akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi.

Nyumbani Beu, Muyisa alilala.

Mwanzoni walisema ni uchovu. Alilala baada ya chai. Alilala mchana, mvua ikipiga mabati na mvua ikiwa imekatika. Kanyere, dada yake, msichana mwenye mdomo wa wembe, alisema kaka amekuwa paka wa kanisa, anaamka kengele ikilia tu. Lakini aliamka mwili baridi na fulana imelowa, na hakutaka kula. Samaki wa chumvi alimgeuzia uso. Bugali alimega mara moja kwa mkono wa kushoto, akaona aibu, akaacha.

Na alisema mkono ule uliokatwa unamuuma. Vidole vimefumbwa, akasema, vimekaza mpaka kucha zinaingia kwenye kiganja, na hawezi kuvifungua.

Emérence alijua hilo. Alilisoma shuleni na aliliona kwa wagonjwa: kiungo kikiondoka, mishipa huendelea kukikumbuka. Akamweleza hivyo, wazi, kama anavyoeleza kila mtu. Akamkanda kigutu cha mkono kwa mafuta ya mawese ya uvuguvugu, akampa dawa za maumivu. Muyisa akasema asante mama, akalala tena, na vidole havikufunguka.

Alianza kusimulia ndoto yake, kwa kuwa ilikuwa moja tu. Alishuka, akasema. Chini kulikuwa na ukungu kama wa Rughenda, na tope laini lisilo na alama ya mguu wa mtu. Waya ulikuwa umelala pale, mweusi, unakwenda mpaka macho yanachoka. Na mkono wake ulikuwa umeushika. Sauti za watu zilipita ndani ya waya, moja moja, na mkono ulizisikia kama sikio lililobandikwa ukutani kwa jirani. Mwanamke aliuliza kama mtoto ameanza kutembea. Mzee alisema mvua imechelewa. Hakuna aliyepiga kelele kama kwenye phonie, wote waliongea polepole, karibu kabisa. Muyisa alikuwa akitembea kuufuata mkono, na kila mara aliposinzia aliendelea pale alipoachia.

“Kumebaki mbali?” Kanyere aliuliza, akitania.

“Hapana,” akasema Muyisa. “Si mbali.”

Kanyere hakutania tena.

Tangu hapo, kila mwanawe alipolala, Emérence alikaa kando ya kitanda, akamshika kifundo cha mkono wa kushoto, vidole viwili juu ya mshipa. Alijiambia ni kazi ya muuguzi. Mchana mmoja, jua likiwa kali nje na kuku wamelala vumbini, alisikia mshipa ule ukienda polepole, kisha polepole zaidi, kama hatua za mtu anayetembea ndani ya maji. Akamwita. Akamtikisa. Uso wa Muyisa ulikuwa umetulia, mzuri kupita kiasi, na midomo ilikuwa imekosa rangi. Akampiga kofi. Akampiga la pili, kwa nguvu aliyoitumia mwanawe alipokuwa na umri wa kuiba sukari.

Muyisa akafungua macho, akamtazama bila hasira. “Mbona uliniamsha, mama? Nilikuwa karibu kufika.”

Jioni hiyo Emérence alimtumia ujumbe Zacharie, mdogo wa marehemu mumewe, aliyebaki akilinda shamba la ukoo upande wa Butembo. Zacharie akaja juu ya lori la viazi, koti lake la misa limejaa udongo. Alimsalimu Muyisa, akamtazama akilala, akatoka nje na kukaa kwenye kigoda. Aliongea kwa muda mrefu, kama kawaida yake, juu ya barabara, juu ya bei ya viazi, juu ya babu aliyeliwa na mamba kwenye ziwa Edward na hakupatikana hata ukosi wa shati. Walifanya nini? Walikata shina la mgomba lenye urefu wake, wakalivisha sanda, wakalizika shambani kwa baba yake, na mjane akalia akamaliza. Mwili usipokuwapo, mgomba unasimama mahali pake. Basi mkono usipokuwapo, akasema Zacharie, tunakata mgomba wa kipimo cha mkono.

“Shemeji, mimi ni muuguzi,” Emérence akasema.

“Ndiyo, shemeji. Na wewe ndiwe uliniita.”

Emérence akaenda kutafuta panga.

Walikata mgomba mchanga nyuma ya nyumba, asubuhi. Zacharie alipima kwa mkono wa kushoto wa Muyisa, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole kirefu. Muyisa alikaa kwenye jiwe la kufulia, akaangalia utomvu ukidondoka, na ndipo mama yake alipomuuliza ile habari ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza. Ilikuwaje?

Akasimulia akiwa ameangalia mgomba. Siku ile bahari ilikuwa na mawimbi marefu. Walikuwa wakishusha boya majini, limefungwa kwenye kamba nene, kuweka alama mahali ncha ya waya ilipo. Kwenye meli kuna sheria inayofundishwa kabla ya kuonyeshwa choo: kamba ikianza kukimbia, iache. Hata ikiwa na mali gani. Kinachotaka kwenda baharini, kiende. Wimbi likainua meli, breki ya mashine ikakatika, kamba ikaanza kukimbia. Wenzake wote wakaruka nyuma. Mkuu wa sitaha akapiga kelele, Lâche! Iache! Naye Muyisa akaishika.

“Kwa nini?” Emérence akauliza.

“Sikufikiri, mama. Niliona mlima wetu.”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Njia za Butembo zinapanda wima, na wanawake wanapanda nazo, mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Mkanda ukiteleza, gunia la viazi au mzigo wa kuni unabingirika chini, na chini kuna wengine wanaopanda, wameinama, hawaoni. Kwa hiyo mtoto wa kule anafundishwa mapema: mzigo ukimponyoka mtu yeyote, aliye karibu anaushika. Haulizi ni wa nani. Muyisa alipokuwa mdogo aliwahi kuushika mzigo wa jirani kisha akauachia ulipomchubua, na Emérence akamfundisha kwa maneno mawili, akiwa amemshika sikio. Ukishika, shika.

“Kamba ilizunguka hapa mara moja,” Muyisa akasema, akionyesha hewa palipokuwa na kifundo. “Nilisikia sauti yako kabisa. Nikashika.”

Emérence akaingia ndani. Kanyere alimkuta akisugua sufuria iliyokuwa safi. Alimwuliza kama anaumwa, akajibiwa akalete sanda.

Siku iliyofuata walipanda lori kurudi Butembo, wote wanne. Mkono wa mgomba ulikuwa mapajani mwa Emérence, umefungwa kwa kitambaa cheupe, na utomvu ulikuwa umepenya ukaacha alama ya hudhurungi. Muyisa alisinzia na kuamka, akasinzia na kuamka. Mama yake alimshika kifundo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alishika kile kifurushi, hata hakujua tena kipi kinakizuia kingine.

Chini ya Kabasha palikuwa na kizuizi, kamba iliyofungwa mti kwa mti. Askari aliyekuja aliitwa Octave, na kila dereva alimjua. Alitoka Équateur, mbali sana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinajifunza kutembea. Aliangalia mizigo, akasimama mbele ya Emérence. Akagusa kitambaa kwa mtutu.

“Mama, hii eloko, hii kitu, ni nini?”

“Mukono.”

Octave akarudi hatua moja. Akaamuru ufunguliwe. Emérence akaufungua bila haraka, na askari akaona shina la mgomba, akaanza kucheka, kisha akakasirika, maana alidhani anachezewa. Muyisa akainua mkono wa shati wenye pini. Zacharie akasema mgomba huo unaenda kuzikwa mahali pa mkono. Octave akatazama shati, akatazama mgomba, na kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama hilo linawezekana kwa mwili mzima wa mtu. Alikuwa na ndugu yake, aliyekufa mtoni wakati wa mapigano, akaenda na maji. Akaingiza vidole kwenye koti lake akang’oa kifungo cha shaba, akanyoosha mkono nacho. Kiende pamoja na huo mkono, akasema. Ni cha ndugu yangu.

Kanyere alitaka kukipokea. Emérence akakisukuma nyuma.

“Hapana, papa. Hii ni ya Muyisa. Ya ndugu yako mutakata kwenu, mu shamba ya baba yenu. Usimulaze kwa batu hajui.”

Watu juu ya lori wakaangalia pembeni. Askari hakatazwi kitu barabarani. Lakini Octave alikaa na kifungo kiganjani, akikifikiria, kisha akauliza mgomba unakatwa urefu gani. Zacharie akamweleza yote, kwa kirefu, hata habari ya mamba. Octave akasikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwenye mti, akafungua kamba mwenyewe, ikaanguka barabarani, na lori likapita juu yake polepole.

Shamba la ukoo liko mgongoni mwa kilima, na walipofika ukungu ulikuwa umerudi. Migomba ilisimama ndani yake kama wageni wa matanga waliotangulia. Zacharie alichimba shimo jembamba na refu kwenda chini, akisema kina ni cha mtu, hata kama urefu ni wa mkono. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha Zacharie akaleta mkanda wa kubebea mizigo, ule wa marehemu mama mkwe, ngozi iliyolainika kwa miaka ya paji la uso. Akaupitisha chini ya kile kifurushi, akampa Emérence ncha zote mbili. Mwenye mkono hajiziki mwenyewe, akasema. Anayeushusha ni yule aliyeubeba wa kwanza.

Emérence akashusha. Kitambaa cheupe kilizama polepole, kikawa kijivu, kikawa si kitu. Mkanda ulikuwa mrefu na shimo lilikuwa na giza, na kwa muda aliona kwamba halina chini, kwamba anashusha na ataendelea kushusha mpaka kwenye tope lile laini lisilo na alama ya mguu. Aliusikia mzigo ukitulia. Ulikuwa umefika. Ilibaki kuachia ncha moja na kuvuta nyingine, mkanda upande peke yake.

Hakuachia.

Zacharie akamwambia tayari, shemeji. Kanyere akamwambia mama. Mikono yake ilikuwa imefumbwa, na alipojaribu kuifungua haikumsikia. Alikuwa mwanamke wa milimani. Alikuwa ameshika magunia, wagonjwa, watoto wa watu wengine, mume mpaka pumzi ya mwisho. Ukungu ukapita kati yake na wengine, na akabaki yeye na shimo, na uzito mdogo sana chini yake.

Muyisa akaja akasimama ubavuni mwake. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya ngumi za mama yake.

“Achilia, mama,” akasema. “Imefika.”

Alilisema polepole, bila kumhimiza, kama anavyosemeshwa mtoto anayevuka daraja la mti. Emérence akasikia kidole kimoja kinafunguka, halafu kingine. Mkanda ukamponyoka wote, ukashuka shimoni kwa sauti ya jani kavu. Mikono yote miwili ikawa wazi mbele yake, haina kitu.

Muyisa akavuta pumzi kwa ghafla. Akaangalia mkono wa shati wenye pini, akaangalia pale chini yake pasipo na kitu.

“Vidole,” akasema. “Vimefunguka.”

Emérence akageuka. Alichukua jembe kutoka kwa Zacharie, akafukia yeye mwenyewe, akashindilia kwa kisigino, kama mtu anayepanda viazi na anataka viote.

Kwa Zacharie walipikiwa maharagwe na bugali, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kikazunguka. Muyisa akala kidogo kwa mkono wa kushoto. Kanyere akasema kaka anakula kama Mzungu aliyepotea, na Muyisa akacheka, akamega tena. Baadaye mvua ikaanza, ile nyembamba ya Butembo ambayo hainyeshi, inakaa tu hewani, na macho yake yakalegea. Akaenda kujilaza kwenye mkeka kwenye chumba cha ndani.

Emérence akamfuata. Akakaa kando yake, akamshika kifundo, vidole viwili juu ya mshipa. Ulikuwa ukienda kawaida. Alikaa hivyo akisikiliza mvua na sauti ya Zacharie jikoni, akimsimulia Kanyere habari ya mamba kwa mara nyingine. Uso wa mwanawe ulikuwa wa kawaida pia, mdomo wazi, mbaya kidogo, uso wa mtu anayelala.

Akauondoa mkono wake. Aliuweka mapajani, ukawa mzito kwa kutokuwa na kazi. Kisha akainuka, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake bila kuufunga kabisa, akaenda kuosha sahani.

Alikuwa bado anaosha mlango ulipolia. Muyisa alisimama pale, mkunjo wa mkeka umechorwa shavuni, nywele zimesimama upande mmoja. Hakuna aliyemwamsha. Fulana yake ilikuwa kavu.

“Maharagwe imebakia?” akauliza.

“Iko mu sufuria,” Emérence akasema. “Jipakulie.”